Mara ya Kwanza ni ya Mshenga

Katika kiwanda kile cha mikate, hakuna kilichookwa mpaka Mshenga aseme. Mshenga hakuwa mtu. Alikuwa programu ya kompyuta, kongwe, aliyekaa kwenye mtambo mmoja ndani ya chumba kidogo nyuma ya ofisi, na kazi yake ilikuwa kupeleka maneno kati ya watu wasiozungumza moja kwa moja. Maduka ya kampuni yalituma oda zao kila mchana. Mshenga alizipokea, akaiambia tanuri ioke nini, akaiambia bohari itoe unga kiasi gani, akayaambia malori yapite wapi alfajiri. Jina alipewa na waokaji, na lilimkaa sawasawa, maana alijua siri za pande zote, alipenda kubembelezwa, na siku akinuna posa inavunjika.

Wa kumbembeleza alikuwa mmoja tu, fundi wa mitambo ambaye kiwanda kizima kilimwita Dada Nyaya, ingawa mama wa watu alikuwa na miaka hajagusa waya. Kampuni iliyomtengeneza Mshenga ilishafungwa na watu wake wakatawanyika. Lugha aliyoandikiwa haifundishwi tena popote. Dada Nyaya peke yake ndiye aliyejua kwamba akinuna asubuhi unamzima na kumwasha, akinuna mchana unamwacha apumue, na kumgusa mwisho wa mwezi ni kujitafutia balaa.

Sasa, mumewe Dada Nyaya alikuwa mwalimu wa useremala, na alikuwa amehamishiwa mji mwingine, safari ya kutwa nzima. Binti yao alikwenda na baba kwa sababu ndiko aliko shangazi wa kumwangalia. Mama akabaki nyuma, “mpaka mambo ya Mshenga yakae sawa.” Mtoto alishang'oka meno ya mbele na kuota mengine, na mambo ya Mshenga bado. Kampuni ilikuwa na tawi kule kule kwa mumewe, na meneja alishasema mbele ya mashahidi: siku Mshenga atakapopata mrithi ambaye fundi yeyote anaweza kumhudumia akiwa popote, Dada Nyaya anahamishwa. Kabla ya hapo, haiwezekani. “Vumilia kidogo tu, dada yangu,” meneja alikuwa akimwambia, naye jioni anarudi zake kwa mkewe. Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi.

Basi Dada Nyaya akaanza kumtafuta mrithi, na hakutafuta kwa pupa. Waliletwa wagombea watatu. Wa kwanza alikuja na muuzaji mwenye viatu vya kung'aa na picha za rangi zinazocheza kwenye skrini, meneja akapendezwa mpaka chai yake ikapoa. Dada Nyaya aliuliza swali moja. “Ujumbe usipofika, inasemaje?” Muuzaji akacheka, akasema hilo huwa halitokei. Uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti. Wa pili alikuwa hodari, lakini hata kumwongezea duka moja jipya ilibidi waitwe mafundi wa kwao, na huyo angekuwa Mshenga yule yule aliyevaa suti. Wa tatu hakuwa na sura. Skrini yake ilikuwa ya kijivu kama ukuta wa stoo. Dada Nyaya akainama, akagusa waya, safari hii kweli, akauchomoa kazi ikiwa katikati. Kile kijivu kikaandika: *Oda hii haijafika. Najaribu tena. Mwite mtu.*

Hapo hapo akakipenda. Akachukua oda za nyuma, zile zilizowahi kufika tanurini kupitia kwa Mshenga, akazipitisha upya kwenye Kijivu, akalinganisha moja baada ya moja. Haukupotea hata mkate mmoja. Meneja akaridhika, Mshenga akapumzishwa, Kijivu akakabidhiwa kazi.

Asubuhi iliyofuata Dada Nyaya alipofika kiwandani hakupata pa kukanyaga. Mikate ilikuwa kwenye trei, juu ya meza, kwenye viti vya wageni, mpaka juu ya kabati la zima moto. Malori yalikuwa yameshajaa na kuondoka, na iliyobaki ilikuwa mingi kama iliyokwenda. Katikati ya mikate alisimama Mama Tanuri, mkuu wa waokaji, mwanamke mnene mwenye sauti ya kusikika ng'ambo ya barabara.

“Dada Nyaya! Njoo umwone mwanao alichozaa. Mapacha! Kila mkate na pacha wake!”

“Na nyinyi mkaoka tu?”

“Tuoke nini kingine? Oda imeandikwa, tumeoka. Kazi ya tanuri si kuuliza maswali. Mikono ya vijana wangu haishiki hata kikombe.”

Mikate ya ziada ilipelekwa shule na hospitali ya jirani, na huko walishukuru, lakini meneja hakuwa mtu wa kufurahia shukrani za bure. Alimwita Dada Nyaya ofisini. “Ng'ombe akivunjika guu hurejea zizini,” alisema. “Nakupa leo tu. Kesho mikate ikizidi au ikipungua, namrudisha Mshenga, na habari ya mrithi naifunga. Ya uhamisho pia. Unanielewa?”

Alimwelewa. Akaenda kukaa kwenye chumba cha Mshenga, kwenye kile kiti chenye mguu mfupi, na alitaka kulia. Aliogopa. Alikuwa amekwisha mwambia mumewe “safari hii kweli,” na mume alikuwa amemuuliza mara mbili kabla ya kufurahi, kwa sababu aliwahi kuambiwa hivyo. Kumpigia tena kumwambia “bado” lilikuwa jambo ambalo mdomo wake ulilikataa.

Akajifuta uso, akafungua kumbukumbu za Kijivu. Kijivu hakuwa amezidisha kitu. Kila oda ilikuwa imeingia mara mbili, kutoka duka lile lile, na yeye kazifikisha zote mbili kwa uaminifu wake. Basi kasoro ilikuwa huko zinakotoka. Dada Nyaya akachukua mkoba wake, akaenda duka la sokoni, ambalo hutuma mapema kuliko mengine kwa sababu soko hufungwa mapema.

Karani wa sokoni alikuwa mtu mzima, miwani juu ya paji la uso, mwenye adabu nyingi. Alimpa Dada Nyaya kigoda, akajaza oda yake taratibu, akabonyeza kutuma. Skrini ikasema imefika. Yeye akainuka, akapanga trei mbili tatu, akapiga mwayo, akarudi, akainua kidole kubonyeza tena.

“Subiri!” Dada Nyaya alimshika mkono. “Hiyo ya nini? Si umeshatuma?”

Karani alimtazama kama aliyeulizwa kwa nini anavaa viatu miguu yote miwili. “Mara ya kwanza ni ya Mshenga, mara ya pili ni ya tanuri. Hujui? Si wewe ndiye fundi wake?”

“Nani kakwambia hivyo?”

“Aliyenipa kazi. Naye kaambiwa na aliyempa. Maduka yote tunafanya hivyo, dada.”

Dada Nyaya aliketi kwenye kigoda kile na mambo yakamfungukia. Mshenga alikuwa mtu wa usingizi. Njia ya kila duka ikikaa bila kazi, alisinzia, na oda ya kwanza kazi yake ilikuwa kumwamsha tu. Aliimeza na haikuonekana tena. Watu walilijua hilo kwa uzoefu, si kwa vitabu. Wakatuma mara mbili, mkate ukatoka sawa, na kitu kikitoka sawa nani anauliza? Na yeye kwenye majaribio yake alichukua oda zilizofika tanurini, yaani zile za pili tu, za kwanza Mshenga alikwisha zimeza. Alimpima mgeni kwa chakula kilichokwisha tafunwa.

“Basi usitume ya pili,” alisema. “Mshenga hayupo tena. Hii imefika, soma hapo, imeandikwa.”

“Hata Mshenga alikuwa anaandika *Asante*.” Kweli, alikuwa anaandika. Aliandika asante hata kwa oda aliyoimeza. “Niache nimalizie tu, dada. Kesho asubuhi watu watataka mkate, hawatataka maelezo.” Na kidole cha mtu mzima yule kilikuwa bado juu ya kitufe.

Dada Nyaya akatoa simu, akampigia Mama Tanuri, akaiweka simu sauti ya juu. “Mama, oda ya sokoni imekufikia?”

“Imenifikia!” Simu nzima ikatetemeka. “Mikate mirefu, ya duara, na ile midogo ya maziwa ambayo huwa anairudisha kila Jumatatu. Mwambie karani nimemwona!”

Karani akashusha kidole. “Huyo nimemsikia,” alisema, akateremsha miwani yake machoni. “Huyo hadanganyi.”

Dada Nyaya alirudi kiwandani mbio mbio. Njiani aliwaza kumwamuru Kijivu azikatae oda zinazofanana, akaliacha wazo hilo, kwa sababu siku nyingine duka huongeza oda ya pili ya kweli, sawa na ya kwanza, mteja mkubwa akitokea. Mashine ingejuaje? Akajaribu kuyapigia maduka mengine mwenyewe. La stendi likasema litafikiria. La hospitali likasema limesikia, kwa ile sauti ya mtu ambaye hatafanya. Aliyeumwa na nyoka akiona ujani hushtuka, na hawa walikuwa wameumwa miaka mingi. Akaenda tanurini.

“Mama Tanuri, nina shida. Nataka usimame kwenye skrini mchana huu, upigie kila duka kwa mdomo wako. Uwaambie watume mara moja tu, na ikifika uwasomee walichotuma. Mimi hawaniamini.”

“Mimi ni mwokaji, si karani wa simu. Na bado sijasahau ile mikate yako.”

“Najua.”

“Mrudishe Mshenga, yaishe. Tulimzoea.”

Dada Nyaya alikuwa na maelezo mazuri ya kitaalamu, ya usalama na ya gharama, aliyoyaandaa kwa ajili ya meneja. Hakulitoa hata moja. “Mama, akirudi Mshenga mimi siendi kwangu,” alisema. “Mume wangu yuko mbali, mwanangu yuko mbali. Nimekaa hapa kumlea Mshenga, wangu analelewa na wifi yangu. Nimechoka.”

Mama Tanuri alimtazama, mikono yote unga. “Kumbe muda wote huu hapa ni mambo ya mapenzi?” alisema. “Na ulikuwa unatuambia ni teknolojia!” Waokaji wakacheka, na Dada Nyaya akacheka huku anatokwa machozi. Mama Tanuri akapangusa mikono kwenye aproni. “Lete hiyo simu. Ungesema tangu jana, mikate ile nisingeitukana.”

Basi mchana ule, mbele ya meneja aliyekunja mikono, Mama Tanuri alisimama kwenye skrini ya kijivu na kuita maduka kama anayeita watoto kuja kuoga. “Wewe wa stendi! Tuma mara moja. Mimi mwenyewe niko hapa. Ukisikia sauti yangu, toa mkono kwenye hicho kitufe. Ukirudia, nitakuletea pacha zako mlangoni uwalee!” Oda ikatokea, akamsomea. La hospitali akalisomea. La chuo lilirudia kwa mazoea, akalifokea, likaomba radhi, ya pili ikafutwa.

Kisha skrini ikaandika kwa herufi nyekundu: *Oda ya duka la kilimani haijafika. Najaribu tena. Mwite mtu.*

Meneja akaruka. “Si umeona? Imepoteza! Nilisema mimi.”

Dada Nyaya akayaonyesha maandishi kwa kidole. “Haijapoteza, bosi. Inasema. Mshenga hapo angeandika asante, na kesho kilimani wangefungua duka tupu.”

Mama Tanuri alikuwa ameshapiga. Karani wa kilimani akapokea kabla simu haijaita vizuri. Wachimba barabara walikuwa wamekata waya wa mtandao oda ikiwa katikati, na yeye alikuwa amebonyeza mara moja tu, kama alivyoambiwa, na kukaa na simu mkononi akisubiri sauti. Akaisoma oda yake kwa mdomo, Dada Nyaya akaiandika, tanuri ikaipokea. Meneja alikunjua mikono. Akavuta kiti, akasogea karibu na ile skrini isiyo na sura, akasoma yale maandishi mekundu tena, pole pole. “Miaka yote hii,” alisema, “ni mangapi yule mzee alikuwa anatuficha?”

Asubuhi trei zote zilikuwa tupu. Mikate iliyookwa ndiyo iliyokwenda, na kilimani walipata ya kwao ikiwa bado ya moto. Meneja alikuja tanurini mwenyewe, jambo ambalo si kawaida yake, akamkabidhi Dada Nyaya barua ya uhamisho mbele ya watu wote. Halafu akauliza, kwa huruma kidogo, Mshenga watamfanya nini.

“Mshenga harusi ikishapita anakwenda kwake,” alisema Mama Tanuri. “Mzimeni kabisa, apumzike. Na wewe mwanangu nenda. Tukikwama nitakupigia, na sauti yangu unaijua.”

Dada Nyaya alitoka nje, akasimama pembeni ya ukuta wenye joto la tanuri, akapiga simu nyumbani. Alipokea binti.

“Nakuja, mwanangu,” alimwambia.

“Kwa siku ngapi?” Mtoto aliuliza bila kinyongo, kama anavyouliza mtu aliyezoea.

“Nahamia. Nitakaa.”

Mtoto alikuwa anawaza. “Basi ngoja,” alisema mwishoni, na simu ikawekwa mezani bila kukatwa. Mama akasikia miguu ikikimbia, kisha sauti ndogo yenye amri: “Baba! Toa nguo zako upande ule wa kabati. Mama anakuja na zake zote.” Halafu, kwa mbali, akasikia mlango wa kabati ukifunguliwa, na hanga zikisukumwa upande mmoja.