Vipindi Sita Bila Maiti

Mimi ni mhariri wa miswada ya televisheni, na siku ya usomaji kazi yangu ni kusoma kwa sauti kila kisichosemwa na mtu. Waigizaji wanaketi kuizunguka meza, kila mmoja anasoma maneno yake, nami nasoma: mlango unafunguliwa, mvua inanyesha, mama anatoa mkate ndani ya oveni. Jumanne ile tulikuwa Leeds, katika ukumbi wa kanisa tulioukodi kwa sababu kipasha joto chake kilikuwa kizima, na tamthilia ilikuwa ya Neville Sugden.

Neville alikuwa ameiandika kwa miaka minne. Ilimhusu mama yake mzazi, Bi Elsie, aliyepika katika kantini ya kiwanda cha sufu kule Halifax miaka thelathini na minane. Siku wenye kiwanda walipotaka kuwafukuza wanawake mia mbili, Bi Elsie aliufunga mlango wa jikoni kwa ndani na kugoma kupika, na kwa siku tisa mabwana wakubwa wakala sandwichi za jibini wakiwa wamesimama mvuani. Basi. Hakuna bunduki, hakuna mpelelezi, hakuna anayekufa. Ni vipindi sita vya wanawake wanaobishana juu ya viazi, nami nilipovisoma mara ya kwanza nililia ndani ya treni mpaka abiria mwenzangu akanipa tishu.

Nililia kwa sababu nilikuwa nimechoka. Kila mwaka wakubwa wa chaneli zetu husimama jukwaani na kutangaza kwamba wanatafuta kitu kipya, kitu ambacho jicho halijaona. Ukiwapelekea, wanakuuliza maiti iko wapi. Katika tamthilia tisa nilizohariri, saba zilianza na msichana aliyekufa majini, na mpelelezi mwenye koti zito na ndoa iliyovunjika akimtazama kwa huzuni. Wasichana tuliowazamisha sisi Waingereza kwenye televisheni wangetosha kujaza mji. Na bado tunajisifu kwamba drama zetu hazina mfano duniani! Zimepigwa picha vizuri, hilo sibishi.

Bi Elsie alikuwa na miaka themanini na miwili, na alikubali maisha yake yaandikwe kwa sharti moja. Alinieleza mwenyewe jikoni kwake, huku ameninyooshea mwiko.

"Sikiliza, mwanangu. Wanawake kama mimi kwenye televisheni wanaonekana mara mbili tu. Wakipiga mayowe, na wakiwa wamefunikwa shuka. Mimi nataka nionekane nafanya kazi. Huyu hapa kaniapia."

Neville alikuwa anamenya karoti. "Nimekuapia, mama. Sasa utaniapisha mara ngapi?"

"Mpaka nikuamini," akasema Bi Elsie, na wote watatu tukacheka.

Kwa hiyo siku ya usomaji tulimwalika. Alikuja na mwanawe kwenye gari, amevaa koti lake la kijani la kwendea kanisani, akaonja chai ya pale na kutangaza kwamba ni maji ya kuoshea vikombe. Lorraine, mwigizaji aliyepewa nafasi yake, alimkumbatia na kumwomba amfundishe kushika kisu cha viazi. Tamsin Harcourt, mtayarishaji wetu, alimbusu mashavu yote mawili. Nikamtafutia kiti karibu na kipasha joto, nikamletea biskuti, na hapo ndipo nilipokosea, kwa sababu dakika zile ningezitumia kusoma karatasi za buluu.

Kwetu muswada ukishagawiwa, kila mabadiliko huchapishwa kwenye karatasi ya rangi, ya kwanza huwa buluu, ili mtu aone mara moja palipoguswa. Asubuhi ile muswada wangu ulikuwa na karatasi kumi na mbili za buluu mwanzoni. Nilizipapasa nikaziacha. Mara nyingi huwa ni upuuzi, mvua imegeuzwa jua, gari jekundu limekuwa jeusi. Mhariri hapaswi kusoma mbele za watu kitu ambacho hajakipitia, mimi mwenyewe huwafundisha vijana hivyo. Lakini nilikuwa nahangaika na biskuti.

Ukumbi ukanyamaza. Nikasoma.

"Nje. Mfereji. Alfajiri. Maji yametulia. Kitu kinaelea karibu na ukingo. Ni mwanamke wa makamo mwenye aproni ya kantini, uso umeelekea chini. Mpelelezi anapiga magoti, anamgeuza. Ni Elsie."

Ulimi ulikuwa umezoea kutangulia, akili ikifuata nyuma. Niliposikia nilichosema niliinua macho, na Bi Elsie alikuwa ananitazama, biskuti imesimama hewani.

"Ngoja kwanza," akasema Lorraine. "Nimekufa? Ukurasa wa kwanza?"

"Utaonekana kwenye kumbukumbu za nyuma, dada," Tamsin akasema haraka. "Kumbukumbu nyingi tu."

"Yaani vipindi sita nalala majini?"

Mtu mmoja akacheka, kisha akajikohoza. Mimi damu ilinipanda kichwani. "Tamsin, una wazimu? Mwenyewe amekaa pale, na wewe unamuua mbele ya macho yake! Mtu ameandika kitu kisicho na mfano, miaka minne, halafu unakuja kukichafua kwa mfereji? Mfereji tena!"

Tamsin alikuwa mwekundu mpaka shingoni. "Sikuandika mimi, Gillian. Chaneli waliuliza tu kama kuna namna ya kumshika mtazamaji mapema. Karatasi hizo amezileta Neville."

Sikuamini. Niligeuka nikitegemea kumwona Neville akisimama na kumwita mwongo. Alikuwa amekaa vilevile, anakunja na kukunjua ncha ya karatasi ya buluu.

"Wangeikataa, mama," akasema. "Ni hivi au isiwepo kabisa. Kantini haijaondoka. Mgomo upo, viazi vipo. Vyote vipo, kuanzia kipindi cha tatu."

Bi Elsie aliweka biskuti kwenye sahani. "Nani kaniua?"

"Mama, tutaongea nyumbani."

"Nakuuliza hapa hapa uliponiulia. Nani?"

"Haijulikani mpaka kipindi cha sita. Anayeshukiwa kwanza ni yule bwana wako."

"Bwana gani?"

"Kwenye hii una bwana wa pembeni. Msimamizi wa zamu."

Bi Elsie alimtazama mwanawe kama mtu aliyepigwa kofi na mtu asiyemjua. "Baba yako alikuwa hai mwaka ule," akasema. "Alinisubiri nje ya kile kiwanda siku zote tisa. Alikuwa ananiletea soksi kavu." Kisha akasimama na kufunga vifungo vya koti, kimoja kimoja, mpaka juu. "Nirudishe nyumbani, Neville."

Funguo za gari zilikuwa mezani, mbele ya mkono wake. Wote tuliziona. Neville aliziangalia, akamwangalia Tamsin, akaangalia waigizaji kumi na wanne waliokuwa wamekuja kusoma jambo lililoandikwa na yeye.

"Basi la Halifax linapita saa tano na robo, mama," akasema, tena kwa upole. "Kituo kiko hapo mbele, ng'ambo ya barabara."

Bi Elsie alitoka. Ilikuwa juu yangu kumfuata, na koti langu lilikuwa mgongoni mwa kiti, nisingehitaji hata kulitafuta. Lakini Tamsin akasema, "Gillian, ukurasa wa pili, tafadhali," na waigizaji wote wakanigeukia.

Nikasoma. Kituo cha polisi, asubuhi, mpelelezi anavua koti lake zito. Nitasema kweli, Neville anajua kuandika, na karatasi zile alikuwa ameziandika vizuri sana. Tulipofika ukurasa wa nane, meza nzima ilikuwa imeinama mbele na hakuna aliyekumbuka chai. Kila mtu alitaka kujua nani kamuua. Hata mimi.