Jiwe Lililoanguka mu Biazi Byangu

Miye Kahongya sina roho ya kungojangoja. Jiwe ilitoka mbinguni, tuu!, ikapasuka katikati ya biazi byangu, hapa pembeni ya Butembo. Nikasema asante Mungu, haikuanguka juu ya nyumba. Mais bwana yangu Maliro, mutu aliyechimba zahabu Manguredjipa mpaka akazeeka, aliokota kipande, akaona kitu kinangaa ndani, na akili ikamutoka.

"Kahongya, zahabu! Mama yake iko chini ya biazi!"

"Jiwe imetoka juu, weye unatafuta chini?"

Wapi! Kwa wachimbaji, kila kipande kinachongaa kiko na mama mu udongo. Akatoa mutalimbo achimbe. Biazi bilikuwa karibu kuvunwa, chakula ya batoto yote. Nikasimama mbele yake, mikono kiunoni.

"Pita juu yangu kwanza! Tamaa mbele, mauti nyuma!"

Nikaita jirani, Madame Précieuse, mwalimu wa jiografia aliyetoka Kananga. Alikuja na kioo cha kukuza, akatazama mahali jiwe ilipasuka, akapiga makofi kwa furaha.

"Papa Maliro, tazama hizi punje. Zilikuwa matone ya moto angani, mbele dunia haijakuwa. Zikapoa, zikabaki mviringo. Ukubwa wao unasaidia kujua jiwe ni ya ukoo gani. Na kile kinachongaa ni chuma tu."

Maliro hakuamini. Akaniomba ulezi kidogo wa kusaga, akaumwaga kando ya jiwe, alinganishe na zile punje. Punje nyingi zilikuwa ndogo kuliko ulezi, mais karibu zote saizi moja.

"Zahabu hapana kutoka hivi," akasema pole. "Zahabu, moja iko kama mahindi, ingine unga. Donc chini hapana kitu?"

"Chini kuna biazi, weye mwanaume!"

Uso wake ulinyauka, na nilimuonea huruma, kweli. Kisha akapangusa jiwe na shati yake.

"Madame, hii inazidi dunia miaka?"

"Inazidi, papa."

"Eh Nyamuhanga, Mungu wetu! Muzee kama huyu, azunguke mbingu yote, aje kuangukia kwa Kahongya?"

"Alijua nani analima vizuri," nikamujibu.

Maliro akacheka mpaka akakaa chini. Mutalimbo akaulaza mu majani, akainama, akaanza kufukia kwa mikono biazi byangu bile jiwe ilifukua.