Kona ya Chini

Baba yangu ndiye aliyekuwa sauti ya mtambo. Miaka thelathini na mbili iliyopita, filamu ile ya chombo kilichopotea angani na mtambo unaokiendesha ilipotiwa sauti za Kiswahili, aliingiza kichwa ndani ya ndoo ya bati, akawaambia abiria, "Laleni wanangu, mimi nakesha," kisha akawafungia hewa. Watu wazima walitoka ukumbini wameshikana mikono. Tangu hapo mtaani hakuwa na jina jingine. Mtambo, shikamoo. Mtambo, umeamkaje?

Mwaka juzi kiharusi kilimnyang'anya mkono wa kulia na sauti yote. Siku hizi anaandika kwenye daftari kwa mkono wa kushoto, herufi zimeegemeana kama walevi. Na sasa wenyewe wameitengeneza filamu ile upya, na mtambo wa safari hii ni binti mmoja anayenong'ona. Kipya kinyemi, ingawa kidonda. Mimi, mwanawe wa pekee, ndiye ninayesimama mlangoni pa ukumbi huohuo nikikata tiketi na kukusanya maoni.

Maoni tunayakusanya hivi. Kila anayeingia anapewa kadi. Akiipenda filamu anachana kona ya juu. Asipoipenda anachana kona ya chini. Mwenye la kusema anaandika katikati. Mimi nazitenganisha kwa kuangalia kona tu, bila kusoma, maana ni mamia. Za kona ya juu huenda moja kwa moja kwenye maboksi ya meneja. Za kona ya chini, tangu filamu hii ianze, nilikuwa napita nazo nyumbani kwanza.

Siku ya kwanza tu watu waligawanyika pande mbili.

"Mtambo gani huu unaongea kama bibi harusi?" alifoka fundi saa mmoja kabla hajafika hata ngazini.

"Kwani ulitaka upige kelele kama dalali?" alimjibu msichana aliyekuwa nyuma yake. "Mimi nimeogopa mpaka nimejikuta nimevua viatu."

"Hukuiona ya kwanza wewe."

"Sikuiona, na sina haja nayo."

Walishuka ngazi wakibishana hivyo hivyo, na wengine wakawadakia. Wapo waliokata tiketi mara ya pili ili wapate kuichukia vizuri zaidi. Lakini neno la yule msichana lilinichoma mimi, sina haja ya kuficha. Ningemrudishia hela yake na kumfungia mlango. Niliapa siku ileile kwamba baba hatasikia kuwa amepitwa. Sauti imekwenda, basi walau sifa imbakie.

Basi kila asubuhi, chai ikishamiminwa, nilimsomea kadi za kona ya chini. "Turudishieni Mtambo wetu." "Huyu binti akalale, Mtambo akeshe." Baba alisikiliza ameinamisha kichwa. Nikimaliza aliinua vidole viwili, ishara yake ya kutaka zaidi.

"Ndizo hizo tu, baba."

Alinitazama kidogo, akashusha vidole, akanywa chai yake. Nilidhani ni mtu aliyeshiba sifa. Tulikwenda hivyo siku nane.

Siku ya tisa, nikitoka kwenda kazini, jirani yetu mshonaji aliniita kutoka kwenye cherehani yake.

"Shoga, hebu niambie. Kadi ya mzee haijafika tu?"

"Kadi gani?"

"Makubwa! Hajakwambia? Ile Jumamosi filamu ilipoanza, ulipokwenda kumchukulia dawa, mimi ndiye niliyempeleka ukumbini, onyesho la mchana. Kaandika huyo mpaka taa zikawaka. Kila nikija kumwangalia namuuliza, 'Imesomwa?' Ananiandikia, 'Bado. Zipo nyingi, atanifikia.'"

Kadi zote za kona ya chini nilikuwa nimezisoma, tena kwa mdomo wangu, mbele yake. Kama yake haikuwamo, basi alichana ya juu.

Meneja aliponikuta stoo nimepiga magoti katikati ya maboksi aliniuliza nimepoteza nini. Nilimwambia pete, na mimi sivai pete. Niliipata kwenye boksi la tatu. Kona ya juu haikuchanwa kwa vidole, ilikuwa na alama za meno, na katikati zilikuwepo herufi zile za kilevi:

"Huyu binti anatisha kuliko mimi. Mimi nilibebwa na ndoo. Mwanangu, najua utaisoma wewe. Nisomee na wanaomsifu. Nimebaki na masikio tu, usinichagulie."

Nililia palepale juu ya maboksi ya watu. Siku nane nimemvisha mzee wa watu kilemba cha ukoka, na yeye alijua tangu ya kwanza. Kila alipoinua vidole viwili alikuwa ananipa nafasi, nami nikamjibu, ndizo hizo tu.

Kesho yake asubuhi nilimimina chai, nikaweka mezani boksi zima. Kwanza nilimsomea yake. Nilijikwaa kwenye "mwanangu", nikaanza upya, nikafika mwisho.

"Nisamehe, baba. Nilidhani nakulinda."

Hakugusa daftari. Alinyoosha mkono wa kushoto hadi kwenye mfuko wa aproni yangu ya kazi, akachomoa kadi moja tupu. Aliigeuza, akaitafuta kona, akaing'ata na kuivuta mpaka ikachanika. Kisha akaisukuma mezani hadi mbele yangu. Ilikuwa kona ya chini.

Nilitamani anipige. Baba ambaye hakuwahi kunigombeza hata nilipofukuzwa shule, na sasa angetaka asingeweza, alikuwa amesema yote kwa karatasi. Niliikunja nikaitia kifuani. Ninayo mpaka leo.

Alinisubiri nifute uso. Halafu akaelekeza kidole kwenye boksi, akainua vile viwili.

Nilichukua iliyokuwa juu. Mwandiko ulikuwa mzuri, wa mtoto wa shule. Nilisoma polepole, bila kuruka kitu:

"Sauti ya mtambo ndiyo iliyonipendeza. Bibi mmoja kando yangu alisema zamani ilikuwepo nyingine. Sikujua."

Baba alitikisa kichwa kukubali, kama fundi anayekagua kazi ya mwenzake. Chozi lilimshuka upande ule wa uso usiosikia kitu, hata hakujua alifute. Akainua tena vidole viwili, nami nikachukua kadi inayofuata.