Moto Usioonekana Mchana

"Mwalimu, ngoja kwanza," mwosha vyombo alisema kutoka kwenye sinki, mikono imejaa povu. "Moto bakulini haujazimika."

Mwalimu wa kemia alikuwa ameshainua chupa ya spiriti. Mbele yake, kwenye bakuli la kauri, moto wa kijani uliowafanya wanafunzi wapige makofi ulikuwa umefifia hadi kutoweka.

"Mama Chupa," akasema akitabasamu, "siku hizi nawe unafundisha?"

Darasa likaangua kicheko. Hata Mama Chupa mwenyewe alicheka kidogo. Miaka kumi na tisa ya kuosha vyombo vya maabara ilikuwa imemzoesha kucheka ili mambo yapite. Wanafunzi walimpenda kwa kuwa hakuna swali aliloliacha bila jibu. "Mama Chupa, nikionja hii itakuwaje?" "Utakuwa umeuliza swali lako la mwisho, mwanangu." "Kwa nini ile chumvi ya mrututu inageuza moto kuwa kijani?" "Hilo muulize mwalimu. Mimi ninachojua, moto wa spiriti mchana hauonekani vizuri. Usiuamini."

Mwalimu akamimina.

Moto ulipanda na spiriti hadi ndani ya chupa, na chupa ikatema ulimi mrefu mpaka benchi la mbele. Msichana aliyeketi pale, mpole, ambaye hata kuomba kuuliza aliinua kidole kimoja tu, hakupata nafasi ya kuinuka. Mama Chupa alimfikia na koti lake lililolowa, akamfunika kichwa, akamlaza sakafuni. Chini ya koti mtoto hakulia. Hilo ndilo lililomtisha.

Siku ya tatu Mama Chupa aliitwa ofisini. Mkuu wa shule alimpa kiti, jambo ambalo hakuwahi kulifanya. Karatasi ya taarifa ya ajali ilikuwa imeshapigwa chapa. Aliisoma taratibu, kama alivyozoea kusoma vibandiko vya chupa: mwanafunzi aliinuka bila ruhusa, akagusa chupa, ikaanguka.

"Siyo hivyo, Mkuu."

"Ilikuwaje?"

Akamtazama mwalimu, aliyesimama dirishani amewapa mgongo, shati limemganda kwa jasho. Kijana mzuri, yeye peke yake ndiye aliyempa shikamoo kila asubuhi, wenzake wakimpita kama ndoo.

"Alimimina spiriti wakati moto bado unawaka."

"Na chupa nzima aliletewa na nani?" Mkuu aliuliza kwa upole. "Utaratibu si unapima kwenye kikombe kidogo, chupa inabaki stoo?"

Siku ile sinki lilijaa vyombo vya madarasa mawili. Aliona kupima kutamchelewesha, akaitua chupa nzima mezani, akarudi kuosha.

"Unaona, mama. Umebakiza miezi saba ustaafu, sitaki uondoke hapa na doa. Mtoto hatafanywa lolote. Hii ni karatasi tu."

"Nisamehe, mama," mwalimu alisema, akiliambia dirisha.

Mama Chupa akatia sahihi.

Jumamosi alikwenda hospitali. Mama wa yule msichana alimpokea kwa mikono miwili, akampisha kiti chake, akamshukuru kwa lile koti, akarudia kumshukuru. Kila shukrani ilimwingia kama mwiba. Kitandani, bendeji zilimfunika mtoto kuanzia paji la uso hadi chini ya macho. Kuhusu jicho la kushoto, daktari alikuwa hajasema neno.

"Mama Chupa? Naomba kukuuliza swali."

"Uliza, mwanangu."

"Mkuu alikuja jana. Anasema niligusa chupa. Tangu jana najaribu kukumbuka. Niliigusaje?"

"Hayo si tumeshayamaliza?" mama yake aliingilia. "Mwalimu mwenyewe amekusamehe."

"Nataka kujua tu. Nilitumia mkono gani?"

Mama Chupa aliitazama ile mikono miwili juu ya shuka. Ilikuwa safi, bila hata lengelenge moja.

"Hukugusa," alisema. "Hukugusa kitu. Ulikuwa umekaa, mikono mapajani. Mwalimu ndiye aliyemimina, na mimi ndiye niliyeileta ile chupa. Kisha nikatia sahihi kwamba ni wewe."

Muuguzi alipita akisukuma kitoroli cha dawa.

Yule mama akasimama. Mama Chupa alijua atapigwa kofi, wala hakuurudisha uso nyuma. Lakini mama alivuta pazia la kitanda, likawazunguka wote watatu. Akapekua mkoba wake, akatoa kalamu na cheti cha dawa, akakigeuza upande usio na maandishi na kukilaza juu ya kabati dogo.

"Andika hayo."

Kalamu haikutoa wino. Mama wa mtoto akaipokonya, akaikwaruza kwenye pembe ya karatasi, haikutoa. Akaisogeza mdomoni na kuipulizia ncha, mara ya kwanza, ya pili, ya tatu, na mtoto akageuza kichwa chake kilichofungwa upande ule pumzi zilikotoka.