Mume Arudiye Nyuma

Mwanamke akirudi safari na kanga mpya, mumewe humwambia karibu mama, pole na njia. Akirudi na miguu mipya, mume aseme nini? Teofili wa Katindiuka, pale Ifakara, hakulijua jibu, na kwa kuwa hakulijua akanyamaza, na kunyamaza huko ndiko kulikomtia matatani.

Mkewe Kandida alikuwa amekaa Morogoro karibu mwaka mzima kwa dada yake Justa, aliyejifungua mapacha na hana wa kumsaidia. Binti yao Digna alikwisha kuolewa Idete, nyumba ilikuwa tupu, na Teofili alikula wali wa kuungua aliojipikia mwenyewe bila kunung'unika, maana alimpenda mkewe na shemeji yake alimheshimu. Kandida akarudi na lori, mpunga ukiwa ndio kwanza unachipua. Akamsalimu mumewe vizuri, akafagia jiko lililokuwa limegeuka pango, na maisha yakaonekana kurudi mahali pake.

Asubuhi moja Teofili akamkuta uani anapepeta mchele. Mikono ilikuwa ya Kandida yule yule. Miguu haikuwa yake. Ilikuwa inateleza huku na huku juu ya mavumbi, polepole, kisha inazunguka, na ungo unazunguka nayo, na hakuna punje iliyomwagika.

"Unafanya nini, Mama Digna?"

"Napepeta."

"Hilo naliona. Na miguu?"

Kandida akacheka, akasimama. "Ni walsi hiyo. Dansi. Nilijifunza Morogoro. Wewe hujui?"

"Najua," akasema Teofili, upesi kama mtu aliyeulizwa kama ameiba.

Hakujua hata chembe. Dansi alikuwa ameliona mara moja tu maishani, kwa kuchungulia dirishani: mwanamume na mwanamke wameshikana kifua kwa kifua, watu wazima na akili zao, na wala si mtu na mkewe. Katika ngoma za kwao wanaume wana mstari wao na wanawake wana wao. Kiuno kinaweza kusema kitakacho, lakini mkono wa mtu haumgusi mke wa mwenzake. Sasa mkewe anajua walsi. Na walsi haichezwi na mtu mmoja. Basi nani alikuwa akimshika?

Msomaji atasema, si amuulize tu? Kuuliza si ujinga. Naam, lakini Teofili alikuwa Mpogoro aliyelelewa, na alijua kwamba jambo la ndoa likishatamkwa na kusikiwa kwa masikio haliwezi kulala tena ndani ya nyumba. Ni lazima lipelekwe kwa wakwe. Wakwe walikuwa Mahenge, mlimani. Angempandisha Kandida mpaka kwa baba yake, wazee wangekaa, na huenda angeshuka peke yake. Hakutaka kushuka peke yake. Kwa hiyo swali akalimeza, likakaa tumboni kama embe bichi.

"Wanasema bendi ya Morogoro itakuja mwezi wa nane, baada ya mavuno," Kandida akasema, akirudia ungo wake. "Utanipeleka?"

"Nitakupeleka."

Akaondoka pale hajui ameahidi nini. Jambo moja alilijua: siku hiyo asipoweza kumshika mkewe, mwingine anayeweza atamshika mbele ya macho yake, na watu wa Ifakara hawana haya ya kutazama.

Njia ya mwongo ni fupi, ila ya Teofili ilifika mpaka Michenga. Huko alikuwa na shamba la mpunga bondeni, na shamba la jirani lilikuwa la Hermenegildi, kibwana mfupi, mwembamba, aliyepigana Burma wakati wa vita na ambaye tangu arudi hajamaliza kusimulia. Msimu wa kulinda ndege wote wawili walihamia huko, kila mtu na dungu lake.

"Shikamoo, kaka."

"Marahaba, Teofili. Ndege wamekushinda?"

"Ndege hapana. Nasikia huko vitani mlikuwa mkicheza dansi."

Hermenegildi akashuka kwenye dungu bila kutumia ngazi. "Tulicheza! Kila Jumamosi kambini, kwa gramafoni. Sajini wetu, jitu kubwa la Songea, hakutaka mwingine ila mimi. Alikuwa akisema Hermenegildi ni mwepesi kama pamba."

"Nifundishe."

Mafunzo yalianza hapo hapo, kwenye kiwanja kigumu cha kupigia mpunga. Hermenegildi alikataa katakata kushikana. "Wanaume wawili kukumbatiana Michenga? Jumapili tutahubiriwa kanisani." Kwa hiyo alisimama kando, akaonyesha kwa miguu yake, na Teofili akapewa gunia la pumba kuwa ndiye mwanamke.

"Mkono wa kushoto mwekee begani. Wa kulia uache wazi, ataushika yeye. Sasa mguu wa kulia, rudi nyuma."

"Nyuma?"

"Nyuma."

"Na mwanamke anakwenda wapi?"

"Anakuja. Anakuja juu yako, wewe unampisha."

Teofili akasimama na gunia lake. "Kaka, sielewi. Mbona mwanamume ndiye anayekimbia?"

Hermenegildi akafikiri. Ilikuwa dhahiri kwamba hajawahi kuulizwa hilo, wala kujiuliza. "Ndio uzungu wenyewe," akasema mwishowe. "Wenzetu wanampa mwanamke nafasi. Hujaona Mzungu akimfungulia mkewe mlango wa gari? Basi na kwenye dansi ni vivyo hivyo. Unampa njia, yeye anapita."

"Na nitajuaje ninakokwenda, kama nimegeuza kisogo?"

"Hujui. Unafuata tu."

Maelezo hayo yalimchanganya Teofili kuliko hatua zenyewe. Usiku alilala chali kwenye dungu akijaribu kuyapanga. Mwanamume haoni anakokwenda, mwanamke ndiye anayeona, na bado mwanamume ndiye aliyempeleka mwanamke kwenye dansi. Kama ndivyo, basi huko Morogoro kuna wanaume waliokuwa wakirudi nyuma mbele ya Kandida wake. Picha hiyo alijaribu kuikasirikia, akashindwa kujua aikasirikie wapi.

Lakini alijifunza. Wivu ni kidonda, na mwenye kidonda hakosi usingizi bure. Alirudi nyuma kutoka kwenye kiwanja mpaka kwenye dungu, kutoka kwenye dungu mpaka mtoni. Jirani yao Konsolata alimwona akirudi nyuma kwenye njia ya shambani, macho ameyafumba nusu, amekumbatia gunia la pumba kwa adabu kubwa. Kabla ya jua kuzama habari ilikuwa imefika Katindiuka kwamba Teofili amepandwa na shetani wa kinyumenyume. Alipokwenda nyumbani, Kandida akamtazama kwa muda mrefu.

"Baba Digna, huko shambani unafanya nini?"

"Nafukuza ngedere."

"Kwa kuwapa kisogo?"

Teofili akaomba maji ya kunywa.

Mpunga ukavunwa, mwezi wa nane ukaingia, bendi ikaja. Ukumbi ulikuwa mpya, wa bati na sakafu ya saruji, na kwa kuwa taa za karabai zilikuwa mbili tu dansi lilianza alasiri. Walikuwapo makarani, walimu, wauguzi, wenye maduka, na kundi la wakulima waliokuja kuona mambo. Kandida alivaa gauni aliloshonewa Morogoro. Teofili alivaa viatu. Walipoingia akamgusa mkewe kiwiko, akaona anatetemeka, na hilo hakulielewa. Mtu anayejua anatetemeka kwa nini?

Walikaa rumba mbili wakitazama. Teofili akawachunguza waliokuwa wakicheza. Wanaume wengine walikuwa wameweka mkono wa kulia kiunoni kwa wanawake, na kila walipoanza walikuwa wakisonga mbele kwa vifua. Akawahurumia. Watu wa Ifakara, akajisemea, hawajafundishwa na mtu aliyefika Burma.

Walsi ikapigwa. Wakasimama.

Kwa kitambo kidogo hakuna aliyefanya kitu. Kisha Teofili akaweka mkono wa kushoto begani kwa mkewe kama alivyoagizwa. Macho ya Kandida yakapanuka. Mkono wake wa kulia ukaenda wenyewe nyuma ya mgongo wa mumewe, wa kushoto ukaushika mkono wake uliokuwa wazi, na wakati muziki ulipozunguka Kandida akasonga mbele na Teofili akarudi nyuma.

Mungu anisamehe, lakini ilikuwa tamu. Hawakukanyagana hata mara moja. Teofili hakuona anakokwenda na hakugonga kitu, maana mkono ule mgongoni ulikuwa ukimwambia kushoto, kulia, zunguka, na mwili wake ulikuwa ukiitika kabla hajaelewa. Kisogo chake kilitangulia, uso wa mkewe ukafuata, na uso ule ulikuwa na jasho na mshangao na furaha. Akasahau swali lake. Akasahau na Morogoro.

Kisha akasikia kicheko. Kilianzia kwa karani mmoja aitwaye Apolinari, kikasambaa ukutani kote.

"Teofili!" Apolinari akaita. "Leo bibi harusi ni wewe?"

Msimamizi wa dansi, Mwalimu Fulgensi, akaja mbio akiwa amejizuia asicheke. Alikuwa mtu mwema. Akasema kwa sauti ya chini, "Samahani, bwana. Hatua zako ni za kike. Na mama anacheza za kiume. Badilishaneni tu, hakuna neno."

"Za kike?" Teofili akasema.

"Mwanamume ndiye anayekwenda mbele."

Hapo ndipo yule sajini wa Songea alipomjia akilini, jitu kubwa, na Hermenegildi mwepesi kama pamba. Kambi ya askari, hakuna mwanamke hata mmoja. Nani alikuwa akirudi nyuma? Damu ikampanda usoni. Akaachia mkono wa mkewe, akatoka nje, akaenda kusimama nyuma ya ukumbi, viatu vinambana, amejaa aibu mpaka kooni.

Kandida akamfuata. "Baba Digna, nani kakufundisha?"

"Hermenegildi. Shambani."

Kandida akaziba mdomo kwa kiganja, lakini kicheko kilimshinda, akalazimika kuegemea ukuta. "Kumbe ndio ngedere!"

Teofili hakucheka. Jambo jingine lilikuwa limemfikia, polepole kama maji ya bonde yanavyopanda. Mama anacheza za kiume, mwalimu alisema. Mkono ule mgongoni. Mtu hajifunzi kuongoza kwa kuongozwa. Na kwa kuwa aibu ilikwisha kumvua kila kitu, akaona sasa hana cha kuficha, akalitoa lile swali.

"Huko Morogoro, nani alikuwa akikushika?"

Kandida akaacha kucheka.

"Hakuna aliyenishika," akasema. "Mimi ndiye niliyekuwa nikishika. Shemeji yako Justa. Mumewe kazi yake reli, haonekani nyumbani. Mapacha wakilala, jirani anapiga santuri, dada anasema Kandida wewe mrefu, njoo uwe mwanamume. Nimekuwa mwanamume wake mwaka mzima. Kurudi nyuma sijui. Leo nimekuja hapa na hofu tele. Nilidhani wewe unajua, utanivuta tu, watu wasione."

Teofili naye akauegemea ukuta.

"Swali hilo umekaa nalo tangu lini?"

"Tangu ulipokuwa unapepeta."

"Msimu mzima!" Kandida akamtazama, na sasa machozi yalikuwa karibu, ya hasira. "Na kama ningekujibu vingine?"

"Ningekupeleka Mahenge kwa baba yako. Ingenibidi."

"Ndiyo maana hukuuliza."

"Ndiyo maana."

Kandida aliinama akafuta vumbi kwenye kiatu chake ambacho hakikuwa na vumbi. Alikuwa ameumia, na Teofili aliliona hilo wazi, na aliona pia kwamba mwanamke huyu amemwelewa, na mambo hayo mawili yakakaa usoni pake kwa pamoja.

Ndani bendi ikaanza walsi nyingine.

"Twende nyumbani," Kandida akasema. "Watatucheka mpaka Krismasi."

Teofili alimtazama mkewe, akautazama mlango wa ukumbi, na vichwa vya watu vilivyojaa mlangoni vikisubiri. Hakuwa na hakika tena mwanamume ni nani, wala mbele ni wapi. Aliogopa. Akamshika Kandida mkono, akaingia naye.

Kelele zikapanda. Mwalimu Fulgensi akasogea, akaanza kuwaonyesha namna ya kubadilishana, huyu mkono hapa, yule mkono pale.

"Asante, Mwalimu," Teofili akamwambia, kwa sauti iliyosikika mpaka kwa Apolinari. "Mwache mke wangu anishike."

Akaweka mkono wa kushoto begani kwa mkewe, akafumba macho, akarudi nyuma.