Kibarua cha Nyuki

Shamba la pesheni lilikuwa moja, ila mtu na mkewe walikuwa wameligawa katikati kama kitanda cha walionuniana. Upande wa mke ulipigwa maji ya mbegu za mwarobaini, upande wa mume dawa ya wadudu ya duka. Walikubaliana kwamba upande utakaobakiza faida kubwa ndio utakaoamua shamba zima, na atakayeshindwa afunge mdomo.

Mbegu mke aliziokota bure, ila bure hiyo aliilipia kwa bega. Atwange, aloweke, achuje, na mvua ikinyesha ioshe kila kitu aanze upya. Jua nalo huipunguza nguvu dawa hiyo, kwa hiyo alinyunyiza magharibi, maua yakijifunga, harufu chungu ikielea kati ya mistari, naye akitembea kama mtu anayeota macho wazi. Saa hizo alizipenda kuliko zote.

Mume yeye alipiga yake mchana kweupe, maua yakiwa wazi, akamaliza mara moja, akaenda zake kijiweni.

"Mama watoto, utatwanga mpaka lini?"

"Nisaidie basi."

"Nafasi sina, mama."

Siku moja bega likagoma kabisa. Mke alilala mchana, akaamka na uamuzi: atamwambia mumewe amwagie dawa ya duka shamba lote, yaishe. Ilimuuma kama kumpa mtu mwanawe amlelee. Akapita katikati ya shamba, joto likitetemesha majani, nyuki weusi wanene wakinguruma upande wake. Alipovuka upande wa pili, kukawa kimya.

Mumewe alikuwa huko, si kijiweni. Amepanda juu ya kigoda, unyoya wa kuku mkononi, akigusa ua moja, kisha la pili, taratibu, kama anayembembeleza mtoto. Puani alikuwa na vumbi la njano.

"Unafanya nini, baba?"

Nusura aanguke. "Nyuki hawaji tena huku," alisema, bila kumtazama. "Maua yanapukutika tu, hayashiki tunda. Basi nawafanyia kibarua chao."

"Tangu lini?"

"Tangu maua yaanze. Kila mchana, wewe ukitwanga nyumbani."

Mke alitaka kucheka, hasira zikamwahi. Kila mchana! Bega lake linakatika nyumbani, na mikono yenye nafasi iko hapa, inabembeleza maua.

"Na dukani je, hiyo kazi wameiweka kwenye bei?"

Mume akashuka kigodani, akajifuta pua, akazidi kujipaka. "Ningekwambia nini? Kwamba nimeshindwa na wadudu niliowaua mwenyewe?"

Neno alilokuja nalo lilikuwa bado mdomoni. Mke akalimeza, na hajamwambia mpaka leo.

"Kesho unatwanga wewe," alisema.

"Sawa, mama," akajibu mume, akamshika mkono kwa upande wa bega lisilouma.