Jitu Lenye Adabu

Mama mkwe alipohamia kwetu, televisheni ikawa yake na tamthilia zake. Gemu yangu ya ngome na jitu ikabaki ndani ya mashine, imezimwa, kama mgonjwa aliyesahauliwa kwenye benchi. Mimi ni fundi wa friji. Kitu kikikataa huku nakihamishia kule, basi nikaihamishia gemu mezani.

Mezani haihitaji umeme. Mimi nasimulia kilichopo mbele, wachezaji wanasema wanafanya nini, dadu inaamua kama wameweza. Ngome niliijenga kwa maboksi ya vipuri, na chupa ya dawa ya kikohozi ikawa jitu. Uhai wa mchezaji ulikuwa vifungo vya shati, nilivyovichota kwenye kopo la mama mkwe bila kumsumbua kwa kumwomba. Wachezaji wangu ni jirani yetu kinyozi na mkewe, muuguzi.

Shida ni kwamba mama mkwe anashona mapazia, na jioni za Jumamosi akaitaka meza hiyo hiyo ya kukatia vitambaa. Mke wangu, asiyetaka kugombana na mama wala mume, akaamua mama acheze mara moja. Akifurahi, meza ya gemu. Akichoka, nibomoe ngome yangu, yaishe.

Mama mkwe akakaa, akavaa miwani, akavitambua vifungo vyake, akanitazama juu ya miwani. Nikajua nimeanza vibaya.

Kwenye televisheni, mlinzi wa geti ana sentensi moja tu, ngome imefungwa, hata umbonyeze mpaka kidole kikuume. Nami niliiacha vile vile. Mama mkwe akamsalimia mlinzi, akamuuliza habari za nyumbani. Ngome imefungwa. Watoto hawajambo? Ngome imefungwa. Akamgeukia muuguzi, akamwomba amwangalie huyo kijana, kichwa hakiko sawa. Muuguzi akarusha dadu, mlinzi akalazwa, wakapita.

Ndani, kinyozi akaanza kuvunja mitungi ya watu kutafuta sarafu, kama tulivyozoea kwenye gemu. Mama mkwe akamrudisha aombe radhi nyumba kwa nyumba.

Hatimaye jitu. Ngurumo yake nilikuwa nimeifanyia mazoezi karakanani, katikati ya mafriji mabovu. Lakini aliyekaa mbele yangu ni mama wa mke wangu. Nikainamisha kichwa.

"Shikamoo mama," jitu likasema. "Samahani kwa usumbufu. Kama hutajali, ningependa kukutafuna."

Kinyozi akaficha uso. Mama mkwe akasema ameacha vitambaa vyake apigane na jitu, siyo na mkwe. Mkwe anamwona kila siku, akipita koridoni ananyata kama mwizi. Akaanza kukusanya vifungo vyake.

Meza hiyo, inaondoka. Nikamtazama mke wangu mlangoni mwa jikoni. Naye akatazama dari. Nikafumba macho.

"Wee bibi!" jitu likanguruma. "Unakoroma mpaka kuta za ngome yangu zinapasuka. Televisheni umeikumbatia kama mtoto mchanga. Njoo nikutafune, halafu hayo mapazia yako yasiyofika chini nijifutie mdomo."

Kinyozi akasogeza kiti nyuma. Muuguzi akanitazama kwa huruma ya kikazi.

"Kumbe mdomo unao," mama mkwe akasema. Akavirudisha vifungo mezani kimoja kimoja, akachukua dadu. "Sasa sikia, wewe jitu. Mapazia ni mafupi kwa sababu madirisha uliyapima wewe, tena kwa mkono, na mkono wenyewe ndio huo mfupi."

Akarusha. Sita. Akarusha tena. Sita. Kila pigo lilikuja na maneno yake: hili la bomba la bafuni linalovuja, hili la kunyata, hili la kopo la vifungo. Jitu likaanguka likiomba msamaha, na sauti ilikuwa yangu kabisa. Mke wangu alikuwa chini sakafuni, anacheka hana pumzi.

Mama mkwe akashusha pumzi kama mtu aliyetua mzigo. Vitambaa atakata asubuhi, akasema, jioni tucheze. Nikamshukuru kwa mikono miwili.

"Ngoja kwanza," akasema. "Jumamosi ijayo jitu ni mimi. Wewe utakuwa shujaa, na uje umejiandaa. Mimi nina maneno tangu siku ya harusi."